Upande wa Unga

Tarehe 6 Februari

Kwako Dada,

Salamu nyingi kwako, kwa Baba, na kwa mwanao, Chiriku wangu, ambaye najua ameshakunyang'anya karatasi hii akitaka asomewe yeye kwanza. Mimi mzima, ila mikono imechubuka kwa sabuni. Kazi ni ile ile. Naosha chupa na vibakuli vya maabara, naanika, wanachafua, naosha tena. Mlango wa chumba changu bado haufungiki mpaka uusukume kwa goti.

Nimeandika kwa sababu ya jambo la shamba. Mtaalamu, yule mama anayesimamia maabara yetu ya udongo, alituita wote jana, hata sisi wa usafi. Akauliza kama kuna anayelijua shamba la nchi kame lililowahi kutiwa kitu, iwe samadi, chokaa au majivu, halafu likaachwa lipumzike miaka na miaka. Wanataka kujua kile kilichotiwa kinaendelea kufanya nini kwa majani yanayoota yenyewe baada ya mkulima kuondoka. Nilinyoosha mkono kabla sijafikiri. Nikamwambia shamba la juu la Baba ndilo hilo hasa: nusu ilitiwa unga wa kijivu, nusu haikutiwa, na jembe halijapita pale tangu nikiwa shule.

Akaniuliza unga gani. Nikamwambia ni ule ambao wafanyakazi walikuwa wakipewa bure kiwandani alikofanya kazi Baba, kule walikokuwa wakiyeyusha betri kuukuu, naye akausafirisha nyumbani kwa lori. Aliacha kuandika kidogo. Kisha akasema majani peke yake hayatoshi, udongo nao uletwe, wa pande zote mbili.

Basi naomba mnisaidie. Tazameni kinachoota huku na huku, mniandikie. Chukueni udongo kiasi cha kopo kila upande, mpeni dereva wa lori la chumvi, ananifahamu. Mtaalamu amesema pia mnawe mikono vizuri mkimaliza.

Mwambie Baba shamba lake litaandikwa kwenye kitabu cha wasomi.

Mdogo wako

*

Tarehe 19 Februari

Kwako mdogo wangu, Bibi Chupa,

Barua tumeipata. Nilipomsomea Baba ile sehemu ya kitabu cha wasomi aliniambia nirudie, na kabla sijafika mwisho alikuwa ameshasimama anatafuta kofia. Kwa hiyo shukrani zote za kazi hii mpe yeye. Mimi nilikuwa nacheka tu. Watu wazima wenye mishahara wanauliza jani gani limeota wapi, wakati huku tunayang'oa bila kuyajua majina. Na eti tunawe mikono. Mwambie mama yako huyo hata huku tuna maji, yakipatikana.

Baba ameniambia niandike kama alivyosema, nisipunguze neno. Upande usiotiwa kitu umejaa ukoka, kunde pori, vichaka vya miiba, na miti midogo inayofika kifuani. Ndege wamejenga humo. Upande wa unga ni jambo lingine. Kuna jani moja tu, fupi, lenye vimaua vyeupe, limetanda kama mkeka wenye matundu, na katikati ya matundu ardhi iko tupu na ngumu. Pembezoni umeota mchicha pori, mnene na wa kijani kibichi hata sasa hivi ambapo kila kitu kimekauka. Ukoka umetambaa mpaka mpakani ukasimama. Mstari umenyooka kama uliopigwa kwa kamba, maana ndivyo Baba alivyomwaga ule unga, kwa kamba.

Nilimuuliza kwa nini majani mengine hayavuki. Alisema unga una nguvu, ardhi bado imeshiba. Unakumbuka mwenyewe ile misimu ya kwanza, mtama ulivyompita Baba kimo, na majirani wakaja kutazama. Aliwagawia na wao ule unga. Mpaka leo anasema hajawahi kufanya jambo jema kuliko lile.

Sisi hatujambo. Jua ni kali, kisima kimeshuka. Chiriku hakuninyang'anya karatasi, amelala. Siku hizi haongei sana. Baba anasema amekua, ameanza haya. Tumbo linamsumbua, nadhani ni minyoo. Asubuhi anapanda na babu yake shambani, wanakaa kule, yeye anachezea udongo na Baba anachuma mchicha wa jioni. Angalau mchicha tunao, wenzetu hawana.

Makopo mawili yako kwa dereva. Lenye kitambaa chekundu ni la unga.

Dada yako

*

Tarehe 14 Machi

Dada,

Barua hii isome peke yako. Usimsomee Baba. Tafadhali kaa mahali ambapo hakuna mtu.

Udongo umepimwa. Mtaalamu aliupima mara mbili kwa mkono wake, kisha akaniita ofisini na kufunga mlango, akanipa kiti. Sijawahi kupewa kiti mle ndani. Alisema udongo wa upande wa unga umejaa madini ya risasi. Si kidogo. Ule unga ulikuwa vumbi la tanuri, limechanganyika na chokaa ya kiwandani. Chokaa ndiyo iliyoipa ardhi yetu ile nguvu ya misimu miwili mitatu, kwa sababu udongo wetu ulikuwa mchachu. Nguvu ya chokaa ikaisha. Risasi ikabaki. Haiozi, haisombwi na mvua zetu hizi chache. Majani mengi hayaiwezi, ndiyo maana hayavuki. Lile lenye maua meupe linaivumilia. Mchicha pori nao unaivumilia, na unaipandisha mpaka kwenye majani.

Nilimwambia habari za Chiriku. Za tumbo, na za kunyamaza. Akaniuliza ana umri gani, nikamwambia. Akavua miwani. Aliniambia hivi: "Ripoti itasubiri. Nenda kaandike nyumbani sasa hivi."

Dada, mtoto asile tena kitu chochote kutoka kule juu. Asikanyage kule. Msichote hata udongo wa kukandika ukuta. Mbuzi wasile. Na mpeleke hospitali ya wilaya, waambie neno hilo, risasi, wapime damu. Wataalamu wanasema watoto ndio inaowaumiza zaidi, inakwenda kichwani.

Kwa Baba sijui niseme nini. Wewe uko naye karibu, amua wewe. Lakini kwa Chiriku usisubiri.

Mdogo wako

*

Tarehe 25 Machi

Mdogo wangu,

Nimeisoma peke yangu kama ulivyotaka, nikaisoma tena, na nimekaa nayo siku kadhaa kabla ya kushika kalamu ili nisikuandikie maneno mabaya. Naona yatatoka tu.

Ule mtama ndio uliokulipia shule. Umesahau? Baba alikula mtama ule, mimi nilikula, wewe ulikula, Mama alikula. Baba alikuwa akilivuta vumbi lile kiwandani tangu kabla hatujazaliwa na bado anabeba gunia ambalo vijana wanalishusha njiani. Leo mama mmoja aliyefunga mlango na kukupa kiti amekuambia babu anamlisha mjukuu sumu, na wewe umeandika. Umeandika na kutia sahihi.

Watoto wote huku wanaumwa tumbo wakati wa kiangazi. Chiriku nimempa dawa ya minyoo. Na kunyamaza, hata wewe uliwahi kunyamaza, Mama akadhani u bubu, kumbe ulikuwa unanuna.

Hospitali ya wilaya ni safari ya kutwa nzima. Nikifika niseme nini? Kwamba mdogo wangu anayeosha chupa amesikia neno?

Baba ananiuliza kila siku kitabu kimefika wapi. Amekata matawi akaweka alama mpakani ili wasomi wakija wasipotee. Nimemwambia bado wanapima. Nimemwambia pia mchicha umenichosha, nataka tule kunde. Alinitazama kama mtu aliyekatazwa kuingia nyumbani kwake, akasema sawa. Lakini asubuhi bado anapanda na mtoto, na sijui nimzuie kwa neno gani ambalo halitamvunja.

Dada yako

*

Tarehe 5 Aprili

Dada,

Sijakasirika. Ningekuwa wewe ningeandika vibaya zaidi.

Jumamosi nilikwenda kwenye kile kiwanda alichofanyia kazi Baba, hapa mjini, nilitaka nione kwa macho kabla sijakuandikia tena. Ni mwisho wa barabara ya magodoro, pale mafundi wanaposhona magodoro nje na pamba inaruka mpaka kwenye chai za watu. Kiwanda kimefungwa. Geti lina mnyororo, lakini ukuta wa nyuma umebomoka na watu wanapita. Rundo la ule unga bado lipo, kubwa kama nyumba. Limeota lile jani lenye vimaua vyeupe, kila mahali, na hakuna jani jingine. Nililitambua kwa vile Baba alivyolieleza.

Kulikuwa na mwanamume mmoja na mkokoteni, anachota. Nilimuuliza anapeleka wapi, akasema kwa wafyatua tofali, unga huu unashika vizuri. Nilimwambia una risasi. Aliniuliza kama mimi ni wa serikali. Nikasema hapana, naosha chupa maabara. Akaendelea kuchota.

Mtaalamu ameandika kwa wakubwa wake kuomba shamba letu liwekewe uzio. Wamemjibu kwamba kazi yao ni utafiti, uzio si kazi yao.

Mpeleke Chiriku, Dada. Kama mimi ni mwongo, damu itasema, na nitakuja kukupigia magoti mbele ya Baba.

Mdogo wako

*

Tarehe 28 Aprili

Dada,

Dereva amesema alikupa barua yangu mkononi. Amesema hukumjibu salamu.

Andika hata mstari mmoja. Nitukane ukitaka, lakini andika.

Mdogo wako

*

Tarehe 9 Mei

Mdogo wangu,

Nakuandikia nimekaa kwenye benchi la hospitali ya wilaya, kwenye korido ya wodi ya watoto. Benchi limepasuka katikati na kila mtu akiinuka linatubana tuliobaki. Chiriku yuko ndani, amelala. Usiogope, yu hai.

Ilikuwa asubuhi, mimi nafua. Nilimwona Baba anashuka kutoka juu akikimbia, na Baba hakimbii. Mtoto alikuwa mikononi, amekakamaa, macho yamegeuka, povu mdomoni. Nilidhani amekufa. Tulisimamisha lori lile lile la chumvi. Njia nzima Baba alimshikilia kichwa kisigonge mlango, na alikuwa akimwita kwa jina lake alilopewa alipozaliwa, lile ambalo hatulitumii, kana kwamba Chiriku ni mtu mwingine na huyu ndiye anayeweza kuitika.

Daktari ni kijana. Aliniuliza maswali ya kawaida, homa, malaria, kuanguka. Nilimjibu yote hapana. Kisha nikalitamka lile neno. Aliinua kichwa akaniuliza nimelisikia wapi. Nilimwambia nina mdogo wangu anafanya kazi maabara ya udongo. Walipeleka damu mjini. Majibu yamerudi jana. Sitaki kuandika kiasi chake. Daktari alisema alidhani wamekosea kupima.

Kwa hiyo barua yako ilikuwa kweli, na nilikaa nayo chini ya godoro tangu Machi, na kila asubuhi nilimtazama akipanda.

Baba nilimwambia siku ile ile tuliyofika, kabla ya majibu, hapa hapa, nje, kwenye ngazi. Sikuwa na nguvu ya kutafuta maneno mazuri. Nilimwambia ni unga. Ni shamba la juu, na mchicha, na udongo anaouchezea. Alikuwa ameshika kikombe cha chai, akakiweka chini taratibu. Nilingoja alie, au anikatalie, au aniulize nimejua tangu lini. 

Alisema, "Na wale niliowagawia?"

 Akachukua kofia yake akaondoka kwa miguu kuelekea barabarani. Hajarudi hapa hospitali. Jirani aliyekuja jana anasema amemwona kijijini, anapita nyumba kwa nyumba.

Chiriku amefungua macho juzi. Ananitazama. Nikimwonyesha kijiko anakijua. Bado hajasema kitu.

Kuna jambo linanizunguka kichwani kuhusu Mama na lile tumbo lililomsumbua kabla hajafa, vile lilivyomkunja. Sitalimaliza kuliandika.

Dada yako

*

Tarehe 17 Mei

Dada yangu,

Barua yako niliisomea stoo, kati ya makreti, nikakaa sakafuni mpaka wakaja kunitafuta. Mtaalamu mwenyewe ndiye aliyeosha chupa za jioni ile.

Usijihesabie Machi. Na mimi nilinyoosha mkono Februari kwa kujivuna tu, nilitaka wajue Baba yangu ni mkulima hodari. Tusianze mambo hayo, hatutaweza kuyamaliza.

Njooni huku. Mtaalamu amezungumza na daktari wa watoto wa hospitali kuu, kuna dawa ya kuitoa risasi kwenye damu, inatolewa kwa awamu. Chumba changu ni kidogo lakini kitanda kinatosha wewe na mtoto, mimi nitalala chini. Mlango nimeshamwita fundi. Mlete Baba pia.

Lile uliloshindwa kulimaliza, mimi nilimuuliza Mtaalamu, bila kutaja ni mama wa nani. Nadhani alielewa. Alisema baada ya miaka hii yote hakuna njia ya kujua. Inawezekana ndiyo, inawezekana hapana. Nimeliandika hapa mara moja ili usilibebe peke yako, na naomba tusimwambie Baba kamwe. Choma ukurasa huu.

Mdogo wako

*

Tarehe 2 Juni

Mdogo wangu,

Tumeruhusiwa. Nimerudi nyumbani kufunga mizigo tu, na lori linaondoka keshokutwa, kwa hiyo huenda nikafika kabla ya barua hii. Naiandika hata hivyo, kwa sababu nikifika sitaweza kuyasema haya kwa mdomo.

Baba amewazungukia wote aliowagawia unga. Wengine hakuwa amewaona tangu mtama ule. Nimesikia kwa watu, yeye haelezi. Kwa mama mwenye mbuzi alisimama mlangoni akamwambia kwa nini mbuzi wake wanatoa mimba kila mwaka. Yule mama alimsikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akafunga mlango. Hakumtukana. Baba alisimama pale nje kwa muda mrefu, watoto wa jirani wanasema, kama anayengoja kutukanwa.

Fundi seremala alimcheka. Alisema mzee umechoka, unga umetuletea mwenyewe milangoni kwa mkokoteni, tulikushukuru, leo unataka tukushukuru tena. Na yule anayelima ng'ambo ya mto mkavu hakumcheka wala hakumfungia mlango. Alimkaribisha kiti, akamwuliza, "Nikiacha hili shamba, nilime wapi? Hewani?"  Yule bwana amepanda, mvua za kwanza zimemkuta ameshapanda.

Watu kisimani wananipisha. Si kwa heshima. Wanasogeza ndoo zao.

Baba amezungushia upande wa unga uzio wa miiba. Aliikata yote kwenye ule upande mwingine, vile vichaka ambavyo alikuandikia kwa fahari, na ndege wamehama. Mikono yake imechanika yote. Nilimwambia Baba, tunaondoka, nguo zako nimezifunga. Alisema yeye haendi. Nilimwambia hapa hakuna kitu tena, hata kulima hatalima. Akasema ndiyo maana anabaki, mbuzi hawajui kusoma na watoto hawasikii.

Chiriku anatembea, anaburuta mguu mmoja kidogo. Jana alimwona Baba akipita na mzigo wa miiba, akamfuata mpaka ukingoni mwa ua, akanyoosha mikono abebwe. Baba aligeuka upande mwingine akaendelea na safari.  Hajamgusa tangu siku ile ya lori.

Nakuja na mtoto na sufuria zangu mbili.

Dada yako

*

Tarehe 11 Agosti

Kwako Baba mpendwa,

Shikamoo. Naandika kwa herufi kubwa ili usilazimike kumpa mwenye duka akusomee. Sisi wote hatujambo. Dada amepata kibarua cha kushona magodoro, anarudi na pamba mpaka kwenye kope, tunamcheka. Mlango wangu sasa unafungika.

Chiriku anaendelea vizuri. Amemaliza dawa za awamu ya kwanza na kula anakula. Daktari anampenda. Kila akisikia lori linapita anakwenda dirishani.

Mtaalamu anakusalimu. Ameandika ripoti yake na shamba letu limo, bila jina lako, mimi nilimwomba hivyo. Nilimuuliza itachukua muda gani ardhi ipone. Alisema kuna mashamba ya namna hiyo yaliyoachwa tangu enzi za babu zetu na bado majani yake yanaonyesha kilichomwagwa. Nakuambia hili, Baba, ili ujue kwamba kukaa pale hakutaharakisha kitu. Huwezi kulilinda shamba zaidi ya umri wako. Njoo huku. Kuna benchi zuri nje ya nyumba, kuna kivuli.

Hakuna anayekulaumu. Ulipewa na watu waliojua, wewe hukujua.

Kitindamimba wako

*

Tarehe 30 Agosti

Kwa wanangu wote wawili,

Marahaba. Barua nimeisoma mwenyewe, imenichukua siku mbili. Mwandiko wangu mtauvumilia. Kalamu hii nimepewa na dereva.

Mmeandika anaendelea vizuri, anakula, anakwenda dirishani. Hamkuandika anasema nini. Nimeelewa. Msijilazimishe kunitungia.

Mimi ni mzima. Miiba ya kwanza imeoza chini, nimeibadilisha. Mama mwenye mbuzi ameuza mbuzi wote, hata wale wa kuchinja, hakumwambia mnunuzi. Nilimfuata mnunuzi mpaka barabarani nikamwambia. Sasa yule mama hata njia yangu hapiti. Wa ng'ambo ya mto amevuna. Alinipa kiroba, hakuwa na nia mbaya, ndiye peke yake anayenipa kitu. Nimekizika.

Watu wanakuja hapa mpakani. Si wengi. Wanauliza ni kweli, nawaambia ni kweli, wanatazama lile jani la maua meupe, wanaondoka. Mama mmoja alikuja na mtoto wake wa kiume, mkubwa, hazungumzi vizuri tangu utoto. Baba yake nilimpa mikokoteni mitatu ya unga.  Walikaa hapa na mimi mpaka jua likapanda, kisha akamshika mkono wakaenda.

Kuhusu mama yenu. Najua mmeshalifikiria na najua mmekubaliana nisiambiwe. Mimi nililifikiria siku ile ile, pale kwenye ngazi za hospitali, kabla sijaweka kikombe chini. Ni yeye aliyekuwa akipepeta mtama wa upande ule, na vumbi lilimjaa kichwani mpaka tukamwita bibi kizee. Tusiliandike tena.

Kitindamimba, umesema siwezi kulilinda shamba zaidi ya umri wangu. Nimelichukua neno hilo nikakaa nalo, na nimeona uko sahihi. Miiba huoza. Kuni huibwa. Mwaka wa ukame mkali atakuja mtu mwenye njaa, ataona ardhi imepumzika muda mrefu, ataisafisha alime, na mimi sitakuwapo kumwambia. Hata ninyi mtakuwa wazee, Chiriku hataweza kumwambia.

Lakini katika maisha yangu yote sijaona mtu anapitisha jembe juu ya kaburi.

Pembeni ya mama yenu nilijiachia nafasi, mnaijua, ile yenye jiwe. Msinizike pale. Nizikeni katikati ya upande wa unga, na mjenge kwa mawe mengi, marefu, yaonekane kutoka barabarani. Wachimbaji wafunge nguo puani na wanawe. Chiriku asiletwe.

Jana nilikwenda kaburini kwa mama yenu kumweleza. Nilimwambia sitakuja kulala pale nilipomwahidi.  Halafu nikasikia kengele za mbuzi huko juu, nikarudi.

Baba yenu